Mjane akitishwa na ukoo, amtegemee nani?

Vitisho haviji siku ya msiba. Siku hiyo kila mtu analia, na yule shemeji atakayekuja kudai funguo wiki tatu baadaye ndiye anayemshika mjane mkono kaburini. Mambo hubadilika turubai likishashushwa, sufuria za kukodi zikarudishwa na wageni wa mbali wakapanda basi. Hapo simu huanza kuita usiku. Kadi ya gari iko wapi? Hati ya kiwanja anayo nani? Ile akaunti ya benki ina kiasi gani?

Mjane akikawia kujibu, lugha inageuka. Anaambiwa arudi kwao. Anaambiwa watoto ni wa ukoo, aondoke peke yake. Anaambiwa ndugu yao hakufa hivi hivi, na kwamba wanajua nani kamuua. Halafu kuna lile neno fupi, "utaona", ambalo ukilipeleka polisi halina uzito wowote, lakini usiku linamkosesha mtu usingizi.

Katika hali hiyo, waumini wenzake humwambia jambo moja: mwachie Mungu. Ni ushauri wa kweli, ila umetumika vibaya mno. Wapo wanaoutoa wakimaanisha nyamaza, toa funguo, usigombane na wakubwa. Wapo pia wanaouchukulia kama maneno ya kufariji tu, kisha wanatoka nje kutafuta nguvu nyingine: mganga wa kurudisha mabaya yalikotoka, kaka mwenye cheo jeshini, au vijana wa kijiweni wa kwenda "kuongea" na shemeji. Kumtegemea Mungu si kunyamaza na si kulipiza. Hapa katikati ndipo wajane wengi wanapohitaji msaada, na afya zao pia ziko hapo.

Hofu inafanya nini mwilini

Niruhusuni nianze na upande ninaouandikia kila wiki. Mtu akitishwa, ubongo hautofautishi sana kati ya simba na ujumbe wa simu. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi yake. Kisha inafuata homoni ya kotisoli, ambayo pamoja na mambo mengine hupandisha sukari kwenye damu ili mwili uwe na nguvu ya kukimbia au kupigana.

Simba akipita, mwili hutulia. Shida ni kwamba shemeji hapiti. Anapiga leo, anapiga kesho, na asipopiga mjane anasubiri apige. Mwili unabaki katika hali ya dharura kwa wiki na miezi. Usingizi unakatika, mara nyingi ule wa alfajiri. Mwenye presha anaona vipimo vinapanda hata kama anameza dawa, na asiyewahi kuwa nayo anaweza kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi. Mwenye kisukari anashindwa kuidhibiti sukari yake. Mwenye vidonda vya tumbo anazidiwa. Anayenyonyesha anaweza kuona maziwa hayatoki vizuri, kwa kuwa hofu inazuia homoni ya oksitosini inayoyasukuma, ingawa maziwa yenyewe yapo kifuani. Ndugu wakiona mtoto analia, wanapata neno jingine la kusema.

Lakini madhara ninayoyaogopa zaidi hayapimwi kwa mashine. Mtu mwenye hofu ya muda mrefu hafikirii mbali. Anatafuta njia yoyote ya kumaliza maumivu leo. Ndipo anaposaini karatasi asiyoisoma, anapotoa hati "ikatunzwe kwa kaka mkubwa", au anapopakia watoto kwenye basi usiku na kuacha kila kitu. Anayetisha anajua hilo. Hana haja ya kumpiga mtu. Anachohitaji ni huyo mtu aogope kwa muda wa kutosha.

Barua iliyokunjuliwa hekaluni

Kuna habari katika Biblia ambayo ningependa isomwe zaidi na wanaotishwa. Imeandikwa mara tatu, katika Wafalme wa Pili, Nyakati wa Pili na Isaya. Ni habari ya Hezekia, mfalme wa Yuda, na jeshi la Ashuru lililokuja chini ya mfalme Senakeribu mwaka 701 kabla ya Kristo.

Haikuwa hadithi ya kutishana bure. Ashuru ilikuwa dola kubwa kuliko zote za wakati huo. Senakeribu mwenyewe aliacha kumbukumbu ya vita hiyo kwenye mche wa udongo uliochomwa, ambao leo uko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Humo anajisifu kuiteka miji 46 ya Yuda yenye ngome na kumzingira Hezekia ndani ya Yerusalemu.

Jambo la kwanza ambalo wahubiri wengi hulipita haraka ni kwamba Hezekia alijaribu kulipa. Alitoa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akabandua hata dhahabu iliyokuwa kwenye milango ya hekalu. Ashuru wakapokea. Kisha wakaja vilevile. Mjane aliyewahi kutoa pikipiki ili aachiwe nyumba, akaona wiki inayofuata wanaidai nyumba, anaielewa sehemu hii bila kufafanuliwa.

Kisha akaja amiri wa Ashuru, akasimama karibu na ukuta na kuanza kusema. Soma maneno yake taratibu utaona ufundi. Maofisa wa Hezekia walimwomba atumie Kiaramu, lugha ya wakubwa, ili watu wa kawaida wasielewe. Akakataa, akapaza sauti kwa lugha ya watu waliokaa ukutani, maana lengo lake lilikuwa hao. Ndivyo ilivyo pale mjumbe wa ukoo anapoacha kuzungumza na mjane faraghani na kwenda kusema mbele ya watoto wake, au mbele ya majirani kisimani.

Akawadhihaki kwa udhaifu wao: akasema atawapa farasi 2,000 kama watapata watu wa kuwapanda. Leo husemwa hivi: nenda mahakamani, una pesa ya wakili? Akawaambia kuwa Mungu wao ndiye aliyemtuma. Leo tunaambiwa mwanamke mcha Mungu hashindani na wakwe. Akawaahidi kwamba wakijisalimisha watakula zabibu na tini zao kwa amani, hadi atakapokuja kuwahamisha. Leo ni ile ahadi ya kujengewa chumba nyuma ya nyumba ambayo mjane aliijenga mwenyewe. Na katika yote hayo alisema jambo moja la kweli: kwamba Misri, ambayo Yuda iliitegemea kwa msaada wa kijeshi, ni kama mwanzi uliovunjika, ukiuegemea unakuchoma mkono. Anayetisha huchanganya ukweli na uongo, ndiyo maana maneno yake hukaa kichwani.

Watu wa ukutani hawakumjibu neno. Mfalme alikuwa ameagiza hivyo.

Ilipokuja barua ya vitisho, Hezekia aliichukua, akaenda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Mungu na kuomba. Katika sala ile hakudai kuwa Ashuru ni dhaifu. Alikiri kwamba ni kweli, wameangamiza mataifa na kuchoma miungu yao. Hili ni muhimu kwa mtu anayedhani imani ni kujilazimisha kusema haogopi. Hezekia aliyachukua maneno yote ya adui, bila kuyapunguza, akayaweka mahali ambapo hayakuwa makubwa kuliko aliyekuwa akiyasikiliza. Watu wake alikuwa ameshawaambia kwamba nguvu za adui ni za kibinadamu tu.

Na huyohuyo alichimba handaki. Aliziba chemchemi zilizokuwa nje, akaleta maji ya Gihoni ndani ya mji kwa njia iliyochongwa kwenye mwamba, urefu wake zaidi ya mita 500. Handaki hilo lipo hadi leo, watu wanapita ndani yake huku maji yakiwafika magotini. Alitengeneza pia ukuta uliobomoka. Biblia inasimulia kuwa Yerusalemu haikutekwa na Senakeribu akarudi kwake Ninawi. Mche wake wa udongo nao, pamoja na majigambo yote, hausemi popote kwamba aliuteka mji huo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kumtegemea Mungu maana yake ni kukaa tu, namkumbusha wale wachimbaji.

Waislamu wana neno lao, kutawakali, na mafundisho yake yanafanana. Yanajulikana sana masimulizi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na kwa mjane Mwislamu kuna zaidi ya hapo: fungu lake limetajwa ndani ya Kurani yenyewe, moja ya nane mume akiwa ameacha mtoto na moja ya nne akiwa hakuacha. Shemeji anayemtoa mikono mitupu hawezi kusingizia dini.

Mama mdogo na kibanja

Nimeliona jambo hili nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo, anayeishi wilayani Muleba mkoani Kagera, alifiwa na mume akiwa na watoto wanne na kibanja cha migomba na kahawa. Arobaini haijafika, ndugu wa mume walipanda mipaka mipya ya miti ya emiramura katikati ya shamba. Usiku mawe yalikuwa yakirushwa juu ya bati. Jirani mmoja akaletewa maneno ya kumfikishia kwamba kitanda alicholalia marehemu hakijapoa.

Alipopimwa presha zahanati alikuwa na 170 kwa 100. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Mjomba wangu, kaka yake, alitaka kupeleka vijana kutoka Bukoba mjini. Alishawapata na nauli alishaiandaa. Mama mdogo alikataa. Sababu aliyompa haikuwa ya kidini hasa. Alimwambia kuwa akileta vijana sita, wenzake wataleta kumi, na watoto wake ndio watakaobaki kuishi kijijini na majirani hao baada ya wale sita kupanda gari kurudi mjini. Alikataa pia kwenda kwa mganga, ingawa mama mkwe wa jirani alijitolea kumpeleka na kumlipia.

Alichofanya ni kwamba aliita wanawake wa jumuiya yake. Walikuja wawili wawili kulala kwake, kwa zamu, karibu miezi miwili. Jioni walisali rozari, wakala, wakalala. Mawe yalirushwa mara tatu baada ya hapo, kisha yakakoma. Nadhani ni vigumu kurushia mawe nyumba ambayo ndani yake amelala mke wa mwenyekiti wa kitongoji.

Sitasema sala iliponya presha yake. Alimeza amlodipini kila siku, na bado anameza. Lakini najua kwamba kuvuta pumzi polepole, kama mtu anavyofanya akirudia sala ileile kwa utulivu, kunaamsha upande wa mfumo wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo. Najua pia kwamba mtu asiyelala peke yake hulala vizuri zaidi. Mwenyewe akisimulia hatenganishi mambo haya. Kwake dawa, rozari na wale wanawake vilitoka mahali pamoja.

Usingizi ulipomrudia ndipo alipoanza kukumbuka mambo. Alikumbuka kuwa cheti cha ndoa kilikuwa kwenye sanduku parokiani. Alikumbuka shahidi aliyekuwapo mume wake alipoongeza kipande cha shamba kwa kununua. Alifuatilia cheti cha kifo, akafungua mirathi mahakama ya mwanzo, na kikao cha ukoo kilipokataa kumpendekeza, alikwenda mahakamani akieleza kwamba kimekataa. Aliteuliwa kuwa msimamizi pamoja na mwanawe mkubwa.

Hakupata vyote. Kipande cha kahawa kilicho ng'ambo ya barabara kimebaki kwa ukoo mpaka leo, na shemeji mmoja hamsalimii. Nyumba na migomba inayoizunguka ni mali yake na watoto.

Handaki la mjane

Anayetishwa anapaswa kujua kwamba wanawake wa nchi hii wameshachimba mahandaki kabla yake. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia, mtoto wa kaka yake akapinga kwa hoja kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na Katiba. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili mafundi cherehani wa Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba za waume zao kwa kutumia kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963. Walipitia mahakama za hapa nchini kwa miaka wakishindwa, wala hawakuacha.

Hatua zenyewe ni za kawaida. Cheti cha kifo hupatikana kupitia Rita. Mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia, lakini ukoo kugoma kukaa hakumfungii mjane mlango wa mahakama. Hati, kadi na vyeti vitolewe nakala mapema, na nakala zikae kwa mtu asiye wa nyumba hiyo. Asiye na fedha ya wakili aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya kuhusu watoa msaada wa kisheria. Huduma hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2017, na haitozwi fedha kwa asiye na uwezo.

Vitisho navyo vitunzwe. Ujumbe wa simu usifutwe kwa hasira. Kumtishia mtu kumdhuru ni kosa la jinai, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Akishapigwa, aombe fomu ya PF3 na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Hapa nitasema na viongozi wa dini pia. Yapo mazingira ambayo kumwambia mwanamke abaki na kuomba ni kumweka kwenye hatari ya kufa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee, wengi wao wajane wenye mashamba, wameuawa kwa panga wakituhumiwa uchawi, tuhuma zikijengwa juu ya macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mjane akishaanza kuitwa mchawi hadharani, au akikuta alama na vitu vya ajabu mlangoni, aondolewe kwanza, alale kwingine, na taarifa itolewe polisi na kwa mtendaji wa kijiji. Daudi, aliyemwua Goliathi, alimkimbia Sauli kwa miaka na kulala mapangoni, na hakuna aliyesema amepungukiwa imani.

Wanaomtembelea mjane wamuulize mambo yanayojibika: umelala saa ngapi jana, umekula nini, dawa zako zimebaki ngapi, nani analala hapa leo? Kama anataka kufunga na kuomba, asizuiwe. Ila kama anatumia dawa za presha au kisukari, ana mimba au ananyonyesha, amwone mhudumu wa afya kabla ya kufunga, na asiache dawa kwa sababu amefunga. Presha ikifika 180 kwa 120, au akianza kuumwa kichwa sana, kuona maruweruwe, kubanwa kifua au kupooza upande mmoja, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na sala iendelee njiani.